Sauti ya Shemeji

Mwangwi ulimrudia kila mtu asubuhi ile isipokuwa Chiriku.

Walikuwa kundi dogo la wageni, wamesimama chini ya kuba la hamamu ya kale, mahali ambapo watu wa mji walikuja kuoga enzi ambazo nyumba hazikuwa na mabomba. Aliyewatembeza alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Kamusi, kwa sababu hakuna swali aliloshindwa kulijibu, hata kama jibu lenyewe alilitunga papo hapo. Aliwaambia wapaze sauti wasikie. Mmoja akapiga mluzi, mluzi ukazunguka juu ukarudi umenenepa. Mzee mmoja akakohoa, na kuba nalo likakohoa. Dada yake Chiriku, ambaye alikuwa muuguzi, akaita kama aitavyo wagonjwa kazini, "Anayefuata," na kuba likaita anayefuata, anayefuata, mpaka watu wakacheka.

Chiriku, aliyekuwa hajatabasamu tangu watoke nyumbani, akaweka viganja mdomoni akasema, "Hodi."

Hakikurudi kitu.

"Sauti yako imepotea njia," muuguzi akamtania. "Itakuwa imepitia sokoni kwanza."

Chiriku akacheka kidogo. Kamusi hakucheka. Alitazama juu kwenye vitundu vya kuba vilivyopitisha mwanga, kisha akasema kuba limezeeka, na waendelee, bado kuna mengi ya kuona.

Ziara hiyo ilikuwa wazo la muuguzi. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na muuguzi alizoea kusema kwamba wao wawili wanaishi kwa sindano, mmoja anachoma nguo, mwingine anachoma watu. Chiriku alikuwa mtu wa maneno. Jina hilo alipewa na mumewe, fundi wa majokofu, siku za uchumba, kwa jinsi alivyokuwa haachi kusema, na likamganda hadi kwa wateja. Lakini mume alikuwa amefariki mwaka uliopita, katika wodi ileile ambayo muuguzi alifanya kazi, na alifariki wakati Chiriku ametoka kwenda kumchukulia chai. Tangu hapo Chiriku hakuwahi kulisema neno lenyewe. Akiulizwa na wateja, alisema mume hayupo. Dada yake akitaka kumsimulia ile saa ya mwisho, aliziba masikio, kweli kabisa, kwa mikono. Basi muuguzi akaomba likizo, akamwambia wakatembee mji wa kale, wakaone mnara, ukuta na mtaa wa wafua shaba, wabadilishe hewa.

Wakati kundi linatoka hamamuni, Chiriku alibaki nyuma kidogo, karibu na mlango wa chumba cha ndani ambamo mlikuwa na birika kubwa la kuogea, lililokauka miaka mingi. Muuguzi alikuwa ameshafika nje, juani, alipomsikia mdogo wake akisema kwa upole, kama mke anayeitwa kutoka chumba cha pili:

"Abee."

Akageuka. "Umeitwa na nani?"

"Si wewe?" akasema Chiriku. Macho yake yalikuwa makubwa.

Walizunguka mji hadi jua likapanda. Katika mtaa wa wafua shaba, nyundo zilikuwa zikigonga masufuria pande zote mbili, na muuguzi alilazimika kupiga kelele ili asikike. Chiriku hakuangalia masufuria. Alitembea pembeni, akiuachia mkono wake wa kushoto ulegee mbali kidogo na mwili, vidole vimejikunja, kama mtu aliyeshikwa mkono. Kwenye ukuta wa mji Kamusi alieleza jinsi maadui walivyoshindwa kuupanda, akaongeza na tembo ambaye muuguzi alimshuku sana, lakini alipotaka kumnong'oneza mdogo wake mzaha juu ya tembo huyo, alipata harufu. Chokaa mbichi, na maji yaliyokaa gizani. Ilitoka kwenye nywele za Chiriku.

Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa ya ghorofa, yenye ngazi nyembamba na ua katikati, na mwenye nyumba alikuwa mama mnene mwenye kauli fupi. Mchana ule, saa ambazo maduka hufungwa na mji mzima hulala, muuguzi aliteremka uani kufua soksi zao. Mwenye nyumba akamfuata kwenye beseni.

"Dada, nyie ni watu wazima, sipendi kuwasema. Lakini chumba hiki mmechukua wanawake wawili. Mwanamume haruhusiwi kupanda."

"Mwanamume yupi?"

"Anayeongea na mdogo wako sasa hivi. Nimepita na mashuka nikamsikia."

"Atakuwa anaongea kwenye simu," muuguzi akasema.

Alisema hivyo, kisha akakumbuka kwamba simu ya mdogo wake ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake yeye mwenyewe, imeishiwa chaji. Akakausha mikono. Alipanda ngazi taratibu, na alipofika juu alisikia mnong'ono wa Chiriku, halafu kimya, halafu mngurumo mzito wa chini, usio na maneno, kama jokofu linalowaka usiku katika nyumba ya jirani. Akasukuma mlango. Chiriku alikuwa amelala ubavu peke yake, anatazama ukuta.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Naota tu, dada," akajibu. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeshinda harusini.

Kesho yake hakutaka kutoka. Alisema koo linamuuma, muuguzi aende tu kuuona mnara, atamsimulia. Muuguzi alimmulika kooni kwa tochi, akamshika shingo, akampima homa. Hakuona kitu. Koo lilikuwa safi kama la mtoto, na hata hivyo kila neno lilitoka jembamba kuliko la kabla yake. Godoro la upande wa ukutani, ambako hakuna aliyelala, lilikuwa limebonyea na kulowa.

Akachukua mkoba, akaaga, akateremka ngazi kwa kishindo ili asikike. Kisha akavua viatu, akapanda tena.

Alisimama nje ya mlango akiwa ameshikilia viatu kifuani. Ndani Chiriku alikuwa akisimulia, kwa ule uzi wa sauti uliombakia, habari za fundi aliyewatengenezea paa na namna mvua ilivyovuja palepale siku ya kwanza, na kila aliponyamaza, ule mngurumo ulimfuata, ila leo haukuwa mngurumo tena, ulikuwa na herufi ndani yake, ulikuwa na maneno, na maneno hayo yalikuja baada ya kicheko kidogo cha puani, kile kicheko ambacho muuguzi alikijua kwa sababu shemeji yake hakuweza kusema sentensi hata moja bila kuianza nacho, awe anadai chai au anapeleka salamu za rambirambi. Akajiambia ni redio, akajiambia ni chumba cha jirani, akajiambia ni yeye mwenyewe na uchovu wa safari, na alikuwa bado anajiambia wakati sauti ndani ilipokatiza kisa cha paa, ikacheka puani, ikasogea, bila hatua yoyote kusikika sakafuni, mpaka ikawa upande wa pili wa ubao wa mlango, usawa wa sikio lake.

"Shemeji," ikasema. "Mbona unasimama mlangoni? Ingia."

Hakujua kilichomzuia asiitike. Labda ni kazi yake, maana wodini alijifunza kunyamaza kwanza. Alifungua mlango akaingia bila kusema neno. Palikuwa na Chiriku tu, ameketi kitandani, amechana nywele, amevaa gauni lake zuri. Harufu ya chokaa ilikuwa nzito mpaka ikawasha macho.

Muuguzi akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Unamwona?"

"Simwoni. Namsikia tu."

"Huyo siye, mdogo wangu."

"Najua," akasema Chiriku.

Hilo ndilo lililomtisha muuguzi kuliko sauti yenyewe.

"Unadhani mimi mjinga?" Chiriku akaendelea, na ilimbidi dada yake akaribie ili asikie. "Nilipiga hodi, akanikaribisha. Nimejua tangu mlangoni. Lakini sauti ni yake, dada. Mwaka mzima nilikuwa naanza kuisahau. Nalala naitafuta siipati. Sasa nimeipata, unataka niitupe?"

"Inakula sauti yako."

"Acha iile. Nina kazi nayo gani?"

Kicheko kidogo cha puani kilisikika nyuma ya muuguzi, karibu sana. Hakugeuka.

Alimpata Kamusi kwenye kituo chake karibu na lango la mji, anawasubiri wageni. Alipomweleza, mtu yule ambaye hakuwahi kukosa jibu akawa anakunja na kukunjua kofia yake. Mwishowe akasema, "Jana aliposema hodi nikanyamaza. Nilisema nisimtie hofu mgeni. Twende kwa muuza manukato. Mimi hili silijui, na sitaki kukutungia."

Muuza manukato alikuwa mwanamke wa umri wa muuguzi, ana kiduka chembamba kama kabati na miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu walimfahamu kwa kutuliza majini, ingawa hakupenda kusemwa hivyo mbele ya wateja. Alisikiliza huku akijaza vichupa. Kisha akauliza, "Wewe umeitika?"

"Hapana."

"Hata mara moja? Hata 'mmh'?"

"Hata hiyo."

"Vizuri. Usije ukaitika." Akafunga kizibo. "Huyo hana sauti ya kwake. Hukaa pale kwenye birika na sauti za watu. Mtu akiitika, anamfuata popote na sauti ya marehemu anayemlilia, anaanza kumnyonya, na kila anachosimuliwa anakifanya chake. Sauti ya mdogo wako ikiisha, atataka na mdomo. Atamwita amfuate ndani ya birika, naye atakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa vizuri."

Muuguzi aliliona lile gauni. "Nipe dawa, basi. Ubani, chochote."

"Nikikupa ubani chumba kitanukia, hapo nitakuwa nimekusaidia kunukia." Hakutabasamu. "Nisikilize. Anachokijua ni kile alichopewa na mdogo wako, hana kingine. Kama kuna jambo la huyo marehemu ambalo mdogo wako halijui, na wewe unalijua, mwambie mbele yake. Ongea na mdogo wako tu, yeye usimjibu. Na mdogo wako lazima alipokee na kulisema mwenyewe, kwa sauti itakayokuwa imebaki. Ukishindwa, mvute mguu umtoe, lakini atarudi."

"Na akiondoka, sauti ya mdogo wangu itarudi?"

Muuza manukato akavua miwani, akaifuta. "Kilichokwisha kumezwa hukaa naye," akasema.

Muuguzi na Kamusi waliporudi nyumba ya wageni, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Wametoka," akasema kabla hajaulizwa. "Sikuwaona, nilikuwa jikoni. Nimesikia tu mumewe akimwambia, twende, maji yameshapata moto."

Muuguzi hakukumbuka baadaye walipita mitaa ipi. Alikumbuka wafua shaba wakishusha milango ya maduka yao, na Kamusi mbele yake akisukuma watu na kuomba radhi. Mlinzi wa hamamu alikuwa anatafuta ufunguo wa kufungia. Alisema hakuna mtu ndani, wageni wote wametoka. Mlango wa chumba cha birika ulikuwa wazi.

Kwanza alisikia maji. Birika ambalo jana lilikuwa na vumbi na majani makavu, sasa lilitoa mchapuko mdogo wa maji yanayogusa kingo, ingawa alipokaza macho katika mwanga uliobaki, mwanga mwekundu ulioshuka kwenye vitundu vya kuba kama vidole, hakuona maji yoyote, aliona mawe makavu na ngazi za kuteremkia, na kwenye ngazi hizo, Chiriku, miguu peku, gauni lake limelowa hadi magotini kwa maji yasiyokuwepo, anateremka ngazi moja, anasimama, anasikiliza, anateremka nyingine.

"Chiriku," akasema muuguzi.

Chiriku akageuka. Midomo ilicheza. Haikutoka sauti, ila pumzi.

Kicheko cha puani kilipanda kutoka chini ya birika. "Shemeji naye amekuja," sauti ikasema kwa uchangamfu. "Karibu, shemeji. Umekula?"

Marehemu alikuwa akimuuliza hivyo kila muuguzi alipofika kwao. Ulimi wa muuguzi ulinyanyuka wenyewe, nimekula, ahsante, maneno yalishafika kwenye meno. Akayameza. Kamusi nyuma yake alikuwa ameziba masikio.

"Mdogo wangu, nitazame mimi. Muulize alisema nini mwisho."

Chiriku akatikisa kichwa.

"Hujapata kuniuliza. Muulize yeye, basi."

Chiriku alisimama, mkono wake wa kushoto ukiwa mbele, umeshikwa. Kisha midomo ikacheza, ikauliza bila sauti, na baada ya kicheko cha puani sauti ya shemeji, tamu, ya taratibu, ikapanda kutoka kwenye mawe na kuwazunguka chini ya kuba.

"Nilikuita wewe. Nilisema, Chiriku wangu yuko wapi, mwiteni. Nilikungoja. Nilifumba macho nikisema jina lako."

Uso wa Chiriku ulivunjika. Ndiyo maneno aliyokuwa amejitungia kila usiku kwa mwaka mzima, na alipoyasikia akateremka ngazi nyingine.

"Hapana," akasema muuguzi, na sasa naye alikuwa analia, na aliongea haraka kwa kuogopa kwamba akikata pumzi ile sauti itajaza nafasi. "Nilikuwa pale, nimemshika mimi. Hakukuita. Hakumwita mtu. Alisema anasikia joto, akaomba nimfungulie dirisha. Basi. Dirisha lile lina kitasa kibovu, unalijua, nikahangaika nalo, nikalifungua, nikamwambia haya, shemeji, hewa hiyo, na nilipogeuka alikuwa ameshakwenda. Hakuteseka, hakuaga. Alitaka hewa tu, mdogo wangu. Ndivyo alivyokufa."

Maji yakaacha kuchapuka.

"Nilikuita wewe," sauti ikasema tena. Kicheko cha puani kilikuja baada ya maneno badala ya kuanza. "Dirisha. Nilisema dirisha. Nilikuita dirisha." Ilikuwa inalitafuta, inalipapasa kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na kila ilipolisema lilikuwa kosa.

Chiriku alisikiliza. Polepole akauvuta mkono wake wa kushoto, akaukumbatia kifuani kama ulioungua. Alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, na kwa muda mrefu haikutoka hata pumzi. Halafu lilikuja, kavu, baya, sauti ya kitambaa kikichanwa:

"Mume wangu amekufa."

Kilichofuata Kamusi anakisimulia kwa namna moja na muuguzi kwa nyingine. Kamusi anasema alisikia upepo. Muuguzi alisikia watu. Waliinuka kutoka kwenye birika wote kwa pamoja, vikongwe na wasichana na wanaume wanaonadi bidhaa na mtoto anayelia, kila mmoja na neno lake lililokatwa, wakazunguka kuba mara nyingi wakitafuta vitundu, na katikati yao, kwa kitambo, ilikuwapo sauti ya shemeji, haina tena maneno, kisha wote wakanywea wakashuka kwenye mawe kama maji yanayopotea kwenye mfereji. Pakawa kimya. Gauni la Chiriku lilikuwa kavu.

Alimdondokea dada yake mabegani. Alilia pale kwenye ngazi kilio kisichotoa sauti, ambacho alikuwa amekiahirisha mwaka mzima, mpaka mlinzi akaja na tochi kuuliza kama mgonjwa anahitaji gari.

Asubuhi yake muuguzi alitaka waondoke na basi la kwanza. Chiriku alikataa. Alisema, kwa ule mkwaruzo wake, kwamba walikuja kutembea na bado hawajapanda mnara. Wakapanda. Juu, upepo ulikuwa mwingi, akasimama muda mrefu akiutazama mji na paa zake. Alimwambia dada yake, "Lile dirisha ni bovu kweli. Mliripoti?" Wakacheka mpaka wakaketi chini.

Sauti haikurudi. Madaktari wa hospitali ya dada yake walimchungulia koo hawakuona kasoro. Wateja walizoea, na wapya walidhani fundi ana mafua. Lakini alilala usiku, alikula, na aliyemuuliza habari za mumewe alijibiwa kwa neno lenyewe.

Miezi ilipita. Mchana mmoja, katika chumba cha wauguzi, mkunga mmoja wa zamu ya muuguzi, mwanamke mcheshi aliyefiwa na mama yake mwanzoni mwa mwaka, alirudi kazini kutoka likizo. Alikuwa ameenda na mumewe kuutembelea mji uleule. Alionyesha picha, mnara, ukuta, masufuria ya shaba.

"Kumbe mdogo wako naye alikuwa kule," akasema huku akijimiminia maji. "Mbona hukuniambia koo limepona?"

Muuguzi aliacha kupanga dawa. "Ulimwona?"

"Sikumwona, nilimsikia. Kule hamamuni, nyuma ya ukuta wa birika. Anaongea huyo, anacheka, kama zamani kabla hajafiwa. Nikafurahi. Akaniita kwa jina."

"Ukafanyaje?"

"Si niliitika." Mkunga akakohoa, akanywa maji, akajigusa shingo. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Akasema ni vumbi la safari.

Muuguzi akaenda kufunga mlango. Alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana, akavuta pumzi, na ndani ya nywele za mwenzake akaipata chokaa mbichi.

"Niambie taratibu," akasema. "Tangu urudi nyumbani, mama yako amekuwa akikuambia nini?"

Tabasamu la mkunga likafa. Alitazama mlango, kisha akainama akanong'ona.

"Nani amekuambia?"